Kuku wa Mkwe na Dumu la Mawese

Sisimizi walianza kupanda kichanja cha vyombo Jumatano asubuhi, na aliyewaona kwanza ni Genoveva, kwa sababu katika nyumba ile ya Katubuka kila kibaya kilikuwa na mazoea ya kumngoja yeye. Walikuwa sisimizi wadogo, wekundu, wale wanaouma kama wamelipwa. Walitokea upande wa kisiki cha mchikichi, wakakata uwanja, wakapita mbele ya jiko bila kubisha hodi, wakapanda mguu mmoja wa kichanja mpaka juu. Na juu ya kichanja, ndani ya beseni la bluu lililopasuka, alikuwa amelala kuku wa Mama Bonfils, na chini yake mayai kumi na matatu.

Lazima isemwe mapema huyo kuku ni nani. Nyumba ile ilikuwa na kuku wake saba wa kienyeji, wanaoshinda wakichakura uwanjani na kwa majirani, wasiojulikana siku ya kuzaliwa wala siku ya kuliwa. Huyu hakuwa mmoja wao. Huyu alikuwa wa mkwe. Mama Bonfils, mjane wa Kidahwe ambaye mwanawe alikuwa amemposa Dainess, binti wa Genoveva, alikuja naye kwapani siku kumi na nane nyuma, na mayai ameyaweka kwenye ndoo yenye pumba. Alisema, "Mnilelee huyu. Vifaranga tutagawana nusu kwa nusu." Akanywa chai, akarudi Kidahwe. Neno jingine hakusema, na hilo ndilo lililoleta taabu yote, kwa sababu yale ambayo hakuyasema watu walimsemea.

Walisema hivi. Mwaka juzi Bonfils alikuwa amwoe binti wa Melania, kule Ujiji. Huko nako Mama Bonfils alipeleka kuku. Kuku akafa. Uchumba nao ukafa mwezi uleule. Nani angeshindwa kujumlisha hapo? Hata waliofeli hesabu darasa la nne walijumlisha. Ikawa imeamuliwa, pale kisimani na kwa mama lishe, kwamba yule mama hapimi wakwe kwa maneno. Anawapima kwa kuku. Na Jumamosi, siku ya ishirini na moja, siku ya mayai kutoboka, angekuja mwenyewe kupanga tarehe ya ndoa.

"Baba Dainess," aliita Genoveva. "Hebu njoo uone."

Castory alitoka na kaptula ya kulalia na simu mkononi. Alikuwa mtu wa Njombe, amehamishiwa Kigoma miaka sita iliyopita kutunza ghala la ofisi moja ya serikali, na katika miaka hiyo sita alikuwa amehudhuria semina kumi na moja. Kipo kitendawili: ni mzigo gani mume akiubeba haumlemei yeye, unamlemea mkewe? Ni cheti cha semina. Castory alikuwa navyo kumi na kimoja, vimewekewa fremu, vimepangwa sebuleni juu ya kochi, na mgeni akikaa hapo huwa anakaa ameinamisha kichwa.

Alichuchumaa, akawatazama sisimizi kama mkaguzi anayetazama daftari.

"Tusikurupuke," alisema. "Kwanza tuchambue tatizo."

"Tatizo ni sisimizi."

"Hizo ni dalili. Tatizo lenyewe ni lipi?"

"Sisimizi," alisema Genoveva. "Kifaranga akitoboa ganda kidogo tu, wanaingia hapohapo wanamla hajatoka. Nimeyaona kwetu Kasulu. Nipe saa moja, Baba Dainess. Niwafuate mpaka kwenye shimo lao niwamwagie maji ya moto. Njia yao niifute kwa maji ya gwanji, wasiisikie tena harufu. Miguu ya kichanja niisimamishe kwenye makopo ya maji ya sabuni. Basi, imekwisha."

Gwanji ni sabuni inayopikwa hukohuko Kigoma kwa mawese na magadi, haina karatasi nzuri wala tangazo, na labda ndiyo maana Castory alitabasamu kwa huruma.

"Maji ya moto. Makopo. Mama Dainess, dunia imekwenda mbali."

Dainess alikuwa ametoka ndani, amevaa tayari kwenda kufundisha chekechea. "Baba, si umwache mama afanye?"

"Wewe ndiye unayeolewa. Anayeolewa hashauri," alisema baba yake, na akafungua simu. Humo alikuwamo Mzungu mmoja mwenye ndevu na banda la kuku zuri kuliko nyumba yao. Mzungu alizungumza Kiingereza kwa dakika tisa, Castory akaelewa dakika mbili, na katika hizo mbili Mzungu alikuwa anapaka kitu chenye mafuta kwenye miguu ya banda. Sisimizi walifika hapo, wakanasa, wakageuka.

"Mafuta," alisema Castory. "Umeona? Hakuna sumu, hakuna moto. Mafuta tu."

Akaingia jikoni akatoka na dumu la mawese.

Genoveva alilitazama dumu, akamtazama mumewe. "Baba Dainess, hayo ni mawese."

"Mafuta ni mafuta."

"Ya huyo Mzungu ni grisi, ya gari. Haya ni chakula. Sisi wenyewe tunayapigania, sembuse sisimizi?"

Lakini alikuwa ameshaanza. Alipaka mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kwa mkono wake mwenyewe, kwa ukarimu ambao jirani anayekuja kuomba mafuta ya kukaangia dagaa hakuwahi kuuona. Kisha akaoga, akavaa, akaenda kazini na kidole gumba chekundu, na siku nzima aliweka alama ya kidole hicho kwenye mafaili ya serikali.

Saa sita mchana sisimizi wa Katubuka yote walikuwa wamepata habari. Walikuja kutoka kwenye kisiki, kutoka chini ya choo, kutoka kwenye ua wa jirani. Njia moja ya asubuhi ilikuwa imezaa njia saba. Na kuku saba wa nyumba hawakubaki nyuma. Walifika wakadonoa sisimizi, wakadonoa mawese, wakarudia, midomo ikawa myekundu kama ya mabibi harusi. Juu kabisa kuku wa mkwe alikuwa amevimba manyoya, anatoa mlio wa chini kooni, anasogeza mguu mmoja, anasogeza wa pili.

Mwanvua, jirani wa ukuta mmoja, alichungulia juu ya ua wa mabati.

"Mama Dainess, nakutegea kitendawili. Harusi gani wageni wamefika kabla ya bwana harusi?"

"Usinichekeshe, jirani. Naumwa tumbo."

"Sicheki mimi, nauliza tu. Na pilau la mawese nimeliona." Alipotosheka na utani alizunguka mlangoni akaingia na tambara lake na ndoo yake, maana alikuwa mtu wa namna hiyo, mdomo kwanza halafu mikono.

Wakasugua. Mawese hayatoki kwenye ubao kirahisi. Yanaingia ndani yakatulia kama mpangaji asiyelipa. Walisugua kwa maji ya moto na gwanji mpaka saa kumi. Genoveva alifuata ile njia kubwa kwa kurudi nyuma, amepinda mgongo, mpaka akaliona shimo kwenye shina la kisiki. Aliwafungia kuku jikoni wasiungue, akamwaga birika tatu za maji yanayochemka. Kisha akasimamisha kila mguu wa kichanja kwenye kopo la nyanya lenye maji ya sabuni. Alikusanya maganda ya mise, yaani kokwa za mchikichi, na miiba ya samaki iliyotupwa pembeni mwa jiko, akavitupa shimo la taka. Jua lilipozama mguu mmoja tu ulikuwa na sisimizi, nao walikuwa wachache, wanazunguka kopo kama watu waliokosa kivuko.

Castory alirudi, akakagua, akatikisa kichwa.

"Nani kaweka maji yaliyotuama hapa?"

"Mimi."

"Maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu. Semina ya nne, Mama Dainess. Cheti kipo pale ukutani."

"Ni maji ya sabuni. Mbu gani anazaa kwenye sabuni?"

Alimwaga makopo yote manne. Mkewe alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akamwangalia, na mtu angedhani anafikiria ugali.

*

Alhamisi mchana Castory aliomba ruhusa kazini, akaenda Ujiji kwenye duka la pembejeo la Hamdani. Hamdani alikuwa mtu mnene, mpole, anayeuza mbegu, majembe na dawa za shambani, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wenye maduka wengi wamejikinga nao: kabla ya kuuza alikuwa anauliza.

"Nataka dawa ya sisimizi. Kali."

"Karibu, mzee. Sisimizi wako wapi? Shambani au nyumbani?"

"Uwanjani."

"Una kuku hapo uwanjani?"

Castory alifikiri kidogo. Kulikuwa na wateja wengine wawili, na mmoja alikuwa anamfahamu.

"Sina."

"Nauliza kwa sababu dawa hii inaingia kwa mdudu. Kuku anamla mdudu. Wewe unamla kuku. Mwisho tunakutana msibani kwako tunakula kuku wengine."

"Nimesema sina kuku."

Hapo simu yake ikaita. Simu ya Castory ilikuwa imeharibika kile kipaza sauti kidogo cha sikioni, ikawa inasikika kwa kile kikubwa tu, na aliyekuwa ndani yake alikuwa Genoveva.

"Baba Dainess," simu ililiambia duka zima, "ukirudi pitia na chenga za mahindi. Za kuku wetu saba, na za huyu wa mkwe. Wale sisimizi wamerudi tangu ulipomwaga maji yangu."

Mteja anayemfahamu Castory aligeuka akaanza kusoma maandishi kwenye mfuko wa mbolea kwa bidii kubwa.

"Wa mkwe si wangu," alisema Castory polepole. "Hapo sikudanganya."

"Na wale saba?" aliuliza Hamdani.

"Wale ni wa mama watoto."

Hamdani aliirudisha ile pakiti kwenye rafu ya juu. Hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka. "Mzee wangu, mimi sikuuzii. Nenda nyumbani. Kuna majivu, kuna maji ya moto, kuna sabuni. Na huyo aliyepiga simu, muulize yeye. Anaonekana anajua."

Mtu aliyehudhuria semina kumi na moja hawezi kuambiwa hivyo na mtu mwenye malapa. Castory alitoka na kifua mbele, akavuka barabara, na karibu na soko akamkuta mchuuzi mmoja anayeuza dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mapenzi na chaja za simu. Huyu hakuuliza kitu. Alimpa maji meupe kwenye chupa ya soda isiyo na karatasi, akasema, "Hiyo ukitia, wanalala." Hakusema nani.

*

Ijumaa Genoveva alitoka asubuhi kwenda Kibirizi, mwaloni samaki wanakoshushwa, kuchagua migebuka ya kumpikia mkwe kesho yake. Huwezi kumpa mkwe mgebuka usiouchagua mwenyewe. Dainess alikuwa shuleni. Nyumbani alibaki Castory, ambaye alikuwa ameomba ruhusa ya pili, ya dharura.

Na lazima apewe haki yake: hakuwa mjinga. Mjinga asingejifunza lolote kwa yaliyotokea Jumatano. Castory alijifunza. Aliona kwamba sisimizi wa Kigoma wanapenda mawese kuliko kitu chochote duniani. Basi akachukua bakuli, akamimina mawese, akaongeza ile dawa ya chupa ya soda, akakoroga kwa kijiti, akaipaka sumu yake pale walipopita: kwenye miguu ya kichanja, kwenye jiwe la mlangoni, kwenye mstari mrefu mpaka kisikini. Ilikuwa kazi safi. Mtego wenye chambo. Alisahau kitu kimoja tu, kwamba Jumatano hawakuwa sisimizi peke yao waliokuja mezani.

Kuku anayelalia hushuka mara moja kwa siku. Hunywa, hula haraka, hujinyoosha, hurudi. Kuku wa mkwe alishuka saa nne. Alikunywa maji kwenye kifuu, akatazama huku na huku kama mtu aliyeacha mtoto peke yake, akaona sisimizi wanene wekundu wamelala tayari kwenye mafuta, bila kukimbia, bila kuuma. Akala.

Genoveva alipofika na ndoo ya samaki kichwani, mumewe alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Angalia mwenyewe," alisema. "Hata mmoja hasogei."

Genoveva aliangalia. Chini ya kichanja kuku wa mkwe alikuwa amelala ubavu, mabawa yamefunguka, miguu inapiga kidogo kidogo, mdomo umepakaa mawese. Hatua tatu kutoka hapo mitetea wawili wa nyumba walikuwa wameshakufa.

"Kweli," alisema Genoveva. "Hata kuku hasogei."

Akaishusha ndoo. Hakulia na hakutukana. Aliwaita kuku waliobaki kwa punje za mahindi, watano, waliokuwa wamepata bahati ya kushinda kwa Mwanvua, akawafungia jikoni. Alivaa mifuko ya nailoni mikononi. Alichukua jembe akaanza kukwangua udongo wote uliong'aa mafuta, anautia kwenye kiroba. Kuku wa mkwe alipotulia kabisa, alimtia humohumo pamoja na mitetea.

Mwanvua alichungulia juu ya mabati. "Jirani, hao kuku mnawatupa? Watatu? Si wangegeuzwa supu."

"Wana sumu."

"Ooh." Mwanvua alifikiri. "Basi nawe chimba shimo refu. Mbwa wa Mzee Leonardi wanafukua mpaka makosa ya watu."

Castory alikuwa ameanza kuelewa, na kuelewa kwake kulikuja kwa mikakati.

"Nisikilizeni," aliwaambia mkewe na Dainess, binti huyo aliporudi mchana. "Hakuna kilichoharibika. Kuku wa rangi ile wako wengi sokoni, mwekundu mwenye madoa shingoni. Nanunua mmoja leo hii. Tunamweka kwenye beseni. Mama Bonfils alimwona siku moja tu."

"Alimfuga miaka miwili, baba."

"Kuku ni kuku."

Dainess alikuwa msichana wa sauti ndogo. Watoto wa chekechea walikuwa wamemchoshea sauti. Aliketi kwenye kizingiti, begi bado begani. "Juzi ulisema mafuta ni mafuta," alisema. "Sasa kuku ni kuku. Kesho utasema mchumba ni mchumba. Mimi sitaingia kwenye nyumba ya watu na kuku wa uongo, baba, nianze kumwogopa kila siku asije akamtazama vizuri. Kama ndoa itakufa, ife kesho, niko hapahapa kwenu. Isife baada ya miaka mitano niko kwao."

Baba yake alitafuta jibu katika semina zote kumi na moja.

Genoveva alikuwa ameshika beseni la bluu. Alinyanyua yai moja, akaliweka sikioni. Akampa Dainess naye akasikia: ndani kulikuwa na mtu anagonga.

"Wako hai," alisema Genoveva. "Yanataka kutoboka, na mama hayupo. Yakipoa jioni hii ndiyo basi." Akamgeukia mumewe. "Mimi nina udongo wa kuchimbia. Nina njia ya sisimizi ya kufuta. Dainess ana kuku watano wa kulinda na jiko la kuwasha. Aliyebaki bila kazi ni wewe. Lete ile sweta yako ya Njombe."

Sweta ya Njombe ilikuwa ya sufu nzito, na kwa joto la Kigoma ilikuwa haijatoka kabatini miaka sita. Wakamkalisha kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa. Beseni likawekwa mapajani. Chupa mbili za maji ya uvuguvugu, zimefungwa kwenye vitambaa, zikawekwa pembeni, na mayai yakalazwa katikati yakafunikwa na sweta, na yaliyokuwa yanapiga kelele zaidi akapewa ayashike tumboni, ndani ya shati.

"Kwa muda gani?" aliuliza.

"Kuku haulizi hivyo," alisema mkewe.

*

Jumamosi saa nne asubuhi Mama Bonfils alishuka kwenye bodaboda, mwembamba, mrefu, amefunga kitenge kiunoni na kingine kichwani, kapu mkononi. Jina lake hasa lilikuwa Révérienne, lakini hakuna aliyemwita hivyo tangu azae. Alikuta uwanja umekwanguliwa kama umenyolewa. Alikuta kichanja kitupu kimesimama kwenye makopo manne, mstari wa majivu umezunguka jiko, kuku watano wamefungiwa wanalalamika. Genoveva na Dainess walikuwa wamevaa nguo za kupokelea wageni, lakini macho yao yalikuwa ya watu ambao hawakulala vizuri.

"Shikamoo, mama," alisema Dainess akipiga magoti.

"Marahaba, mwanangu. Amahoro hapa?"

"Amani kiasi," alisema Genoveva. Hakumkaribisha sebuleni kwanza. Aliona akikaa chini ya vile vyeti maneno hayatatoka. "Mkwe, kabla hujanywa maji. Kuku wako amekufa. Amekufa jana, kwa sumu tuliyoweka sisi ya sisimizi. Tumemzika. Hatukumla."

Mama Bonfils alisimama. Alilitazama kopo, akalitazama jingine. Dainess aliinama akatazama vidole vyake vya miguu, maana huko ndiko ndoa yake ilikokuwa imekwenda kujificha.

"Mmemzika," alisema Mama Bonfils hatimaye.

"Shimo la kufika kiunoni."

"Huyo kuku alikuwa na roho mbaya," alisema Mama Bonfils polepole, "lakini alikuwa mama." Akafuta jicho moja kwa ncha ya kitenge. Kisha: "Na mayai?"

Kabla hawajajibu, jikoni kitu kililia, chembamba, mara tatu, na sauti ya mwanamume ikasema, "Taratibu, taratibu, baba yupo."

Mama Bonfils aliusukuma mlango. Castory alikuwa amekaa kwenye kigoda, shati limefunguliwa vifungo, jasho linamtiririka, sweta ya Njombe mapajani. Vifaranga sita walikuwa wamekwisha toka na kukauka ndani ya beseni. Wengine wawili walikuwa ndani ya shati. Wa tisa alikuwa amesimama kwenye goti anajifunza kutembea, na yai la mwisho lilikuwa limetoboka nusu. Matatu hayakugonga tena tangu alfajiri, na hayo Genoveva alikuwa ameshayatenga.

"Karibu, mkwe," alisema Castory. "Samahani, siwezi kuinuka."

Mama Bonfils alimtazama. "Sasa nitegulieni kitendawili hiki," alisema, bila kucheka. "Jogoo asiyewika, na ana watoto kenda."

Mwanvua, aliyekuwa nyuma ya mabati kwa bahati tu, aliangua kicheko. Genoveva alijizuia akashindwa. Castory mwenyewe alitikisika kidogo, kwa tahadhari, asiwaamshe walio ndani ya shati.

Ila Dainess hakucheka. "Mama," alisema, "na kuku wa Ujiji, yule wa kwa kina Melania. Naye..."

"Yule alikufa kwa kideri. Kuku wote wa Ujiji walikufa mwezi ule."

"Na uchumba?"

"Uchumba? Bonfils alikwenda kwao mara tatu na yule binti hakuinua macho kwenye simu. Kuku anahusikaje?" Mama Bonfils aliwatazama mmoja mmoja, na jambo likaanza kumwingia. "Ninyi mlidhani nawapima."

Genoveva alitazama pembeni.

"Kwa kuku," alisema Mama Bonfils.

"Watu walisema," alisema Genoveva.

"Yoo, Mungu wangu." Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kapu mapajani. "Wanangu, mimi kwangu Kidahwe ni sisimizi. Intozi. Wamenimalizia vifaranga mara mbili mfululizo, wanawala hawajatoka kwenye yai. Nikasema, nina wakwe mjini, uwanja wao unafagiwa, na baba wa nyumba ni msomi. Nikasema nimpeleke kuku huko, nao wapate nusu. Hilo tu. Nimewaletea mdomo wa kula, mkaufanya mtihani." Akageuka kwa Castory. "Halafu, Baba Dainess, hapa kwenu nimeona hawapo tena. Mmewaondoaje?"

Castory alivuta pumzi. Alikuwa mtu mwenye jibu la kila kitu, na jibu lilipanda mpaka kooni, lina utangulizi, lina hatua tatu na mapendekezo. Kifaranga mmoja alichungulia kwenye kola. Castory alimtazama mkewe aliyesimama mlangoni, kucha zimejaa udongo, mikono imechubuka kwa magadi.

"Muulize yeye," alisema. "Mimi niliwaita."

Wakaeleza, yaani Genoveva akaeleza: njia, shimo, maji ya moto, gwanji, makopo, majivu. Mama Bonfils aliuliza makopo ya ukubwa gani, na majivu ya kuni au ya mkaa, na akaambiwa yoyote, bora yasiwe ya jiko lililochoma samaki wenye mafuta. Akatikisa kichwa kwa uchungu, maana ya kwake yote yalikuwa ya kuchomea samaki. Waliongea hivyo mpaka migebuka ikaiva, na mahali fulani kati ya majivu na ugali, bila mtu kugonga meza, tarehe ikapatikana: Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, mahindi yakishaingia. Vifaranga wakabaki wote Katubuka mpaka wajue kujitafutia.

Castory alisikia tarehe ikitajwa. Alikuwa baba wa bibi harusi, na jambo kubwa kama hilo halikupaswa kupita bila mtu kusimama akasema neno. Alijikohoza, akashika beseni, akaanza kuinuka. Vifaranga wote wakalia kwa pamoja.

"Keti," walisema wanawake watatu.

Akaketi.